Je, Mshindi wa Mita za Mwisho ni Mwizi?

Bwana Mhariri,

Muhula huu Chama chetu cha Majadiliano kilijadili hoja iliyosema hivi: "Mpanda baiskeli anayeshinda hatua ya tambarare ni mwizi wa jasho la wenzake." Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa kupinga, na tulishindwa vibaya. Naomba nafasi niyaseme yale ambayo kengele haikuniruhusu kuyasema, maana naona wengi walipiga kura kwa kucheka kuliko kwa kufikiri.

Kwanza niwaeleze wazazi, ambao hawakuwapo. Tour de France, mashindano ya kuizunguka Ufaransa kwa baiskeli, huwa na hatua 21, hatua moja kwa siku. Baadhi ya hatua hupanda milima mikubwa, na huko mwenye mapafu na miguu huonekana mapema. Hatua za tambarare ni jambo jingine. Watu zaidi ya mia husafiri pamoja kama kundi la nyuki kwa saa nne au tano, na mtazamaji aweza kwenda kula, akarudi, asiwe amekosa kitu. Halafu huja kilomita ya mwisho, ambayo huonyeshwa kwa kibendera chekundu kilichoning'inizwa juu ya barabara. Hapo mambo hugeuka. Mwendo hufika karibu kilomita 70 kwa saa, bega kwa bega, na aghalabu anayeshinda ni mtu ambaye hukumwona kutwa nzima.

Mfano tulioujadili ni wa tarehe 1 Julai, 2024. Mwaka ule mashindano yalianzia Italia, na hatua ya tatu ilitoka Piacenza hadi Turin, zaidi ya kilomita 230, ndefu kuliko zote za mwaka huo. Aliyeshinda ni Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1903. (Waitalia ndio waliopeleka mbio za baiskeli Eritrea walipoitawala, sasa mtoto wa Asmara akaenda kushinda kwao.) Baadaye alishinda hatua nyingine mbili, akamaliza safari mjini Nice amevaa fulana ya kijani, ambayo hupewa mwenye pointi nyingi.

Upande wa pili haukukana hayo. Walisema: vyema, ni Mwafrika mwenzetu na tumefurahi, lakini alikaa nyuma ya migongo ya watu kilomita 230 akajitokeza mwishoni. Huo ni ushindi wa kupe. Ukumbi ukaangua kicheko, na hoja yangu ikafia hapo.

Basi tuutazame upepo. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kwamba ukizidisha mwendo mara mbili, hewa hukuzuia mara nne. Mwaka 2018 wataalamu wa Eindhoven, Uholanzi, walipima kwa sanamu za wapanda baiskeli 121. Wakaona kwamba aliye ndani kabisa ya kundi huzuiwa na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 mpaka 10 tu ya vile anavyozuiwa mtu aendaye peke yake kwa mwendo uleule. Maana yake ni kwamba hakuna binadamu awezaye kukaa mbele kutwa nzima kisha akashinda mwishoni. Kujikinga nyuma ya wenzio si hila ya mchezo. Ndio mchezo wenyewe, na kila mmoja aliyeondoka Piacenza asubuhi ile alilijua hilo.

Tena kukaa nyuma si kukaa kitako. Pale Turin, zikiwa zimebaki kilomita mbili na kitu, watu walianguka, na Jasper Philipsen wa Ubelgiji, ambaye wengi walimtazamia kushinda, akazuiwa nyuma. Girmay alikuwa mbele ya ajali ile. Mtu hafiki mahali hapo kwa kubebwa. Yampasa apiganie nafasi yake, akitazama gurudumu lililo shibiri moja mbele yake, na kosa dogo humvunja mfupa wa bega.

Na wale wanaomkatia upepo? Hao ni wenziwe wa timu, walioajiriwa kwa kazi hiyo. Mmoja huvuta mpaka pumzi imwishie, akajitoa pembeni, mwingine akashika, hata zibaki mita chache ndipo mwenye kasi aachiwe. Mshindi wa hatua hupata euro 11,000, na desturi ni kwamba fedha za ushindi huingia katika chungu kimoja zikagawanywa. Mwizi gani huyo anayegawana na aliowaibia?

Nakiri kwamba jambo moja siwezi kulitetea kwa moyo mweupe. Aghalabu yupo mtu mmoja au wawili wanaotoroka kundi mapema, wakahangaika na upepo peke yao kilomita mia na zaidi, kisha kundi zima likawameza mstari ukiwa karibu kuonekana. Kanuni hazikuvunjwa. Hata hivyo kila nionapo hayo naumia.

Lakini hoja niliyoiogopa zaidi siku ile haikutajwa na mtu, nami nilikaa kimya. Wengi wanakumbuka kwamba mwaka jana nilipata kikombe cha mbio za baiskeli za mabweni. Rafiki yangu wa bweni letu na mimi tulikuwa tumepatana kupokezana mbele, maana upepo ulikuwa wa uso kuanzia mtoni. Alipomaliza zamu yake aliniashiria kwa mkono. Nikajifanya sikuona. Akaashiria tena. Nilikaa nyuma yake mpaka kwenye miembe iliyo karibu na lango, nikampita, na gazeti hili likaandika jina langu peke yangu. Yeye alimaliza wa nne. Hakunilaumu, ila tangu siku hiyo huja shuleni kwa njia nyingine.

Huo ndio wizi, Bwana Mhariri. Kama hoja ingalisema juu yangu, ningaliipigia kura ya ndiyo. Juu ya Girmay nasema hapana, kwa kuwa hakuna aliyemwashiria akajifanya kipofu. Katika mchezo wake timu hukubaliana nani atavuta na nani ataachiwa, na kila mtu hujua lake.

Chama kimekubali kuirudia hoja hii muhula ujao. Kikombe nimekipeleka kwa mwalimu wa michezo, naye amesema atafikiri. Rafiki yangu nimemwomba aje ukumbini aseme upande wowote autakao. Bado hajanijibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu