Kumtunza Mama Nyumbani Si Bure

Taja nyumba ya kutunzia wazee katika kikao cha ukoo, iwe Dar es Salaam, Moshi au Mombasa, na jibu litakuja kabla hujamaliza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hatuwatupi wazazi wetu. Watu hutikisa vichwa kukubali, mazungumzo yakaishia hapo. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi. Mara nyingi vilevile nimemwona anayelitoa akiwa mtu ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani.

Napinga imani hiyo waziwazi. Natamani kila mzee afe mikononi mwa watu wanaompenda. Lakini hilo "hatuwatupi" limegeuka pazia, na nyuma ya pazia hilo kuna kazi nzito na ya gharama kubwa aliyotwishwa mtu mmoja, huku ukoo na serikali wakijihesabia kuwa wao ndio wanaoifanya.

Tuihesabu basi. Mama wa miaka 78 amepatwa na kiharusi, upande mmoja umelegea, chooni hawezi kwenda peke yake. Anahitaji nepi za watu wazima. Nepi moja ikiuzwa shilingi 1,500, tatu kwa siku ni shilingi 135,000 kwa mwezi. Bado hujanunua glovu, sabuni, mafuta ya kumpaka, wala dawa ya presha ambayo hairuhusiwi kukosekana hata siku moja. Inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulala muda mrefu. Kidonda hicho huanza kama wekundu mdogo tu kwenye nyonga au kisigino, na kisipowahiwa hula nyama mpaka mfupani. Chakula chake ni laini na hulishwa taratibu, ameinuliwa akae, kwa kuwa kiharusi huvuruga kumeza. Tonge la haraka huingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Mashuka hufuliwa kila siku, na katika mitaa yetu mingi maji hununuliwa kwa ndoo. Daladala hapandi tena, kwa hiyo kila siku ya kliniki ni bajaji ya kwenda na kurudi, na mtu wa kumbeba.

Yote hayo yanamtaka mtu aliye macho. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni binti: aliyeachika, ambaye hakuolewa, au aliyekuwa na genge la mboga akalifunga. "Wewe si huna kazi? Kaa na mama." Kwa maneno hayo machache, kipato chake, usingizi wake na miaka yake vimehesabiwa kuwa si kitu. Kaka zake hutuma fedha za dawa kwa simu, wakashukuriwa na wajomba. Yeye hashukuriwi, maana anachotoa hakina risiti. Mama akishafariki na mirathi ikaanza kugawanywa, huyohuyo ndiye huulizwa atahama lini ili nyumba iuzwe. Nakijua kisa hicho kutoka familia nyingi mno kukiita bahati mbaya.

Pale asipokuwepo binti, yupo dada wa kazi, msichana aliyeletwa kutoka kijijini kulea mtoto. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuosha mpira wa mkojo. Anafanya kwa kukisia. Akichoka sana humfungia bibi chumbani ili apike, bibi akaanguka, na lawama zote zikamwangukia msichana.

Tunasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mzee asiyejiweza naye analelewa, tena kwa ulezi ambao ndani yake mwili hauzidi kupata nguvu, unazidi kuishiwa. Kwa nini kazi hii ndiyo pekee ambayo tumekubaliana isilipwe wala isipangiwe zamu?

Wapo wanaonijibu kwamba mila zetu zinamlinda mzee. Ningependa waende nalo jibu hilo Usukumani. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu katika miaka ya 2010 zilikuwa zikihesabu mamia ya watu kwa mwaka waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee, wengine kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Waliuawa kwao, na mara nyingine ndugu wenyewe walihusika, kwa kugombea shamba. Mila iliyowafanyia hivyo wanawake hao haiwezi kusimamishwa peke yake kama ulinzi wa wazee wote.

Na hao Wazungu tunaowasema? Marekani ina watu zaidi ya milioni 55 waliofikisha miaka 65 au kuipita. Wanaoishi kwenye nyumba za uuguzi hawafiki 3 kati ya kila 100. Wengi wa wanaohitaji msaada wako majumbani, wakitunzwa zaidi na wake, waume na mabinti, kama hapa. Huko nako watu wana imani yao ya kujidanganya: wengi huamini kwamba Medicare, bima ya serikali ya wazee, italipia nyumba ya uuguzi. Hailipii makazi ya kudumu. Mpango wake wa kawaida hulipia uuguzi kwa siku zisizozidi 100, tena baada ya mgonjwa kulazwa hospitali, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia. Baada ya hapo familia hutoa mfukoni, na chumba cha peke yako hupita dola 100,000 kwa mwaka, mpaka akiba iishe ndipo Medicaid, mpango wa wasio na uwezo, iingie. Ni mfumo mkali, na siutamani. Lakini kule gharama imeandikwa, inajulikana, na watu wanaigombania bungeni.

Na wanaowageuza usiku wazee wa majimbo ya Marekani kama Minnesota na Massachusetts ni akina nani? Miongoni mwao wamo wanawake wengi kutoka Afrika, Wakenya na Watanzania wakiwemo, waliosomea kazi hiyo kwa wiki kadhaa, wakafanyiwa mtihani, wakapewa cheti na mshahara kwa saa. Sehemu ya mshahara huo huja nyumbani kununua nepi za mama yao, anayegeuzwa na mdogo wao asiyelipwa chochote. Dada wawili wanafanya kazi ileile. Mmoja anaitwa mfanyakazi, mwingine anaambiwa anapata baraka.

Imani hii ya "hatuwatupi" tumeigeuza hata sera. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na zaidi ya miaka 20 ilipita Tanzania Bara bila sheria ya kuipa meno. Kwa sensa ya 2022, Tanzania ina watu zaidi ya milioni 3 wenye miaka 60 na kuendelea. Makazi ya serikali, kama Nunge pale Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga au Fungafunga Morogoro, yanahifadhi wazee mamia machache, wale wasio na ndugu kabisa. Kati ya makazi hayo na kitanda cha chumba cha uani karibu hakuna kitu. Mzee mwenye watoto watatu wenye kipato cha kawaida hana kituo cha kushinda mchana, hana muuguzi wa kumtembelea, wala pa kulala wiki moja ili binti yake apumzike. Nyumba binafsi chache zilizoanza mijini wengi wetu hatuzimudu, na anayezimudu hujificha kwa aibu.

Zanzibar imethubutu zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni na serikali, bila kuulizwa kama aliajiriwa au ana watoto. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na mwaka 2020 wakatunga sheria ya wazee. Kenya nayo tangu 2018 huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na Katiba yake ya 2010, ibara ya 57, inasema mzee ana haki ya matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Vyote viwili. Shilingi 50,000 hazifiki hata nusu ya nepi nilizozipiga hesabu hapo juu, najua, ila bibi mwenye fedha yake mkononi huongea tofauti na bibi anayeomba.

Ndani ya familia, kinachotakiwa kinafahamika kwa sababu tunakifanya kwa harusi. Kamati ya harusi huandika bajeti mpaka ya maua, hupanga ahadi, humfuata kwa jina asiyetimiza. Kwa mama aliyelala tufanye vivyo hivyo. Anayebaki naye alipwe kila mwezi, tarehe ileile, na apewe siku zake za kupumzika ambazo ndugu wengine wanashika zamu kwa mikono yao. Watakuja watakaosema kumlipa binti ni kuuza upendo. Muuguzi analipwa na anaweza kumpenda mgonjwa. Mwalimu analipwa na anaweza kuwapenda watoto. Binti asiyelipwa anaweza kumpenda mama yake sana na bado akakosa nauli ya kwenda kujitibu mwenyewe.

Mgonjwa asitoke wodini kabla muuguzi hajamwonyesha mtunzaji namna ya kugeuza, kulisha na kuosha. Ombeni hilo. Aliyefikisha miaka 60 na hana uwezo anastahili matibabu bila malipo, kwa hiyo nendeni kwa mtendaji wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii mkadai kitambulisho chake kabla hajaugua.

Kwa halmashauri nina neno moja. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba tukiamua, fedha hutengwa. Mzee wa kitandani hahitaji mkopo, anahitaji mtu wa kumfikia. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Uuguzi wa mzee nyumbani uwe sehemu ya mafunzo yao, na kila mtaa uwe na daftari la wazee wasioinuka kitandani, likionyesha nani amemtembelea nani na lini. Diwani akija mkutanoni kuomba kura, aulizwe daftari hilo liko wapi.