"Hameni!": Onyo la Maafa na Mkulima wa Machakos

Habari za volkeno huchukuliwa na Wakenya wengi kuwa mambo ya somo la jiografia. Mkazi wa Machakos, hasa, hana mlima unaofuka moshi mbele ya boma lake. Hata hivyo, uwanda wa Yatta anaoukanyaga ni lava iliyoganda zamani za kale, yenye urefu wa takriban kilomita 300. Na kule Chyulu, katika Makueni iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992, lava nyingine ilimwagika katika karne ya kumi na tisa, ikapewa jina la Shetani. Leo tishio la Machakos ni maji zaidi kuliko moto, lakini swali linabaki lile lile: mwanakijiji akiambiwa aondoke, ataondoka?

Jibu na litafutwe kwanza Goma, mji ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili. Mnamo tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huo hadi Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Rwanda, na wengi wao walirudi siku chache baadaye huku ardhi ingali moto. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulilipuka tena. Wanavijiji wa pande za Kibati hawakupata onyo lolote; onyo lao lilikuwa wekundu wa anga. Watu wapatao 32 walifariki, baadhi yao katika ajali za barabarani wakikimbia. Amri rasmi ilitolewa tarehe 27 Mei, ikiwataka wakazi wa mitaa 10 ya Goma kuondoka. Karibu watu 400,000 walitoka, wengi wakielekea Sake, ambako maji safi yalikuwa haba. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Kwa hiyo mlima uliwakuta watu bila amri, nayo amri ilipokuja, iliwakuta bila matayarisho.

Turudi nyumbani. Mnamo Mei 2024, wakati Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, lilikuwa limejaa na kufurika, serikali ya Kenya iliwaamuru watu waishio karibu na mabwawa 178 nchini waondoke katika muda wa saa 24. Neno lililosikika katika matangazo ya aina hii ni "hameni". Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Kuhama ni kufunga mizigo na kuacha makazi. Anayehama hatarajiwi kurudi kesho. "Kuhamishwa" ni kubaya zaidi, kwani humkumbusha msikilizaji tingatinga. Mkazi wa kaunti hii hajasahau Oktoba 2023, nyumba zilipobomolewa Mavoko katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Mwezi ule ule wa Mei 2024, jijini Nairobi, agizo la kuondoka kandokando ya mito lilifuatwa na ubomoaji. Je, ni ajabu mkulima akikatalia shambani, akihofia kwamba akitoka ng'ambo ya ua wake hatalikuta shamba? Wapo wanaomwita mkaidi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mtu huyo ameelewa neno vizuri kuliko aliyelitamka.

Kiswahili hakijakosa maneno. Kipo kitenzi "jihifadhi", kipo "jisalimishe", japo hiki cha pili kimetekwa na polisi. Kinachokosekana ni maafikiano: neno moja lenye maana ya kuondoka kwa muda, litakalotumiwa na chifu barazani, na mhubiri kanisani, na mtangazaji wa Musyi FM atakayelifasiri kwa Kikamba. Istilahi nyingi za isimu zimesanifiwa katika kumbi za vyuo vikuu. Hii ya kuokoa maisha imeachiwa karani anayetafsiri tangazo usiku kutoka Kiingereza.

Aidha, neno pekee halitoshi. Tangazo lisilotaja njia ya kupita, mahali pa kukutania, mbuzi watakwenda wapi, nani atalinda nyumba na lini watu watarejea, ni kelele tu. Kwa mwenye ng'ombe wanne na hati ya shamba iliyofichwa chini ya godoro, swali la kurejea hutangulia swali la kuondoka.

Vyama vya Kiswahili huandaa makongamano na mashindano ya insha kila mwaka. Kongamano moja lingeweza kufanyika Masinga siku ya soko, matangazo ya 2024 yasomwe kwa sauti, na wakulima waulizwe walichosikia.