Joto Litumike Likiwa Joto

Mtu akitajiwa mvuke wa ardhini, mara huwaza umeme. Fikra hiyo, nionavyo, inawapunja wenye viwanda. Kwa kawaida mtambo wa umeme hugeuza chini ya moja ya tano ya joto linalotoka kisimani. Mwenye haja ya joto, basi, ana sababu gani ya kuanzia kwenye umeme?

Mfano ni Olkaria, karibu na Naivasha, nchini Kenya. Kuanzia mwaka 2003, shamba la maua la Oserian lilipasha joto mabanda ya waridi yapatayo hekta 50 kwa kisima cha mvuke. Mvuke wenyewe haukuingia bandani: ulipasha maji safi, nayo yakazungushwa mabombani. Usiku wa Naivasha ni wa baridi, na ukungu hustawi penye majani yaliyolowa; hewa ikipashwa majani hukauka, na haja ya dawa hupungua.

Ugumu upo. Kuchimba kisima ni ghali mno (Oserian ilikodi kilichokwisha kuchimbwa), na maji ya moto hayasafiri mbali kama umeme. Hivyo kiwanda ndicho kilifuate joto. Watakaopima chemchemi za moto za Songwe, Tanzania, wafikirie pia banda la kukaushia kahawa ya Mbozi.