Herufi Nazo Hubeba Utu

Wako wadhanio kwamba herufi ni pambo tu la maneno. Sivyo hata kidogo. Tarehe 1 Februari, 1968, mjini Memphis, Marekani, wazoa taka wawili Weusi walisagwa na mtambo wa gari la taka, wakafa. Wenzao wapatao 1,300 waligoma, wakaandamana na mabango yenye herufi nene: Mimi ni Mtu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, akauawa mjini humo tarehe 4 Aprili.

Miaka mingi baadaye, Tré Seals, msanifu Mweusi wa Marekani, alichoshwa na kazi za uchapaji zilizofanana zote. Akasoma makala ya Cheryl Miller ya mwaka 1987, iliyohoji wasanifu Weusi wako wapi. Ikamwamsha. Mwaka 2016 alianzisha karakana ya Vocal Type, na kutokana na mabango yale akabuni herufi za vichwa vya maandishi, akaziita Martin.

Huo ni mfano wa kuigwa. Wachoraji wa vibao mitaani mwetu nao wana herufi zao. Tusingoje zifutike ndipo tuzithamini, kwani mwacha asili ni mtumwa.