Mama Anayefuma Yuko Kazini

Ndugu zangu wa Njombe, Makete, Mufindi na kokote kule ambako mtoto hatoki nyumbani asubuhi bila sweta, nina ombi kwenu, nalo linamhusu mama anayefuma. Kila mtaa unaye. Wapo wanaofuma kwa sindano mbili wakiwa wamekaa barazani, na wapo wenye mashine ya kusukuma kwa mkono, imewekwa sebuleni pembeni ya kabati la vyombo. Hao ndio wanaowavisha watoto wetu sweta za shule. Hao ndio wanaofuma kofia, soksi na visweta vya watoto wachanga ambavyo mama mjamzito wa huku kwenye baridi huviandaa mapema kabla siku zake hazijatimia.

Tunawasifu kwa mikono yao, lakini bado hatujakubali kwamba wako kazini. Kwa kuwa shughuli yao inafanyika nyumbani, tunaamini wana nafasi muda wote. Mgeni akibisha hodi, wao ndio wa kuinuka. Jirani akienda mjini anawaachia mtoto, maana "si upo tu, mama?" Shemeji akipita njiani anataka chai. Mwenye duka hakuna anayemwambia afunge duka akachote maji, ila mama mwenye sindano mkononi anainuliwa mara nyingi kwa siku, na hakuna anayeona kwamba amekatishwa kazi.

Ni kweli kufuma kuna sehemu za kushika na kuacha. Kipande cha mgongo kilichonyooka unaweza kukiweka kando, ukakoroga uji, ukarudi. Lakini ukifika kwapani, unapopunguza vitanzi upande huu na upande ule ili mkono wa sweta ukae sawa, au ukifika shingoni, au penye nakshi, unahesabu mstari kwa mstari. Ukiitwa katikati ya hesabu unapotea. Ukikosa vitanzi viwili pengine hutajua mpaka umepanda mistari kumi zaidi, na hapo dawa ni moja tu, kufumua. Kwenye mashine, kitanzi kimoja kikichomoka huachia kwenda chini mstari baada ya mstari. Kwa hiyo unapomwita "mara moja tu" unaweza kuwa umemla saa nzima.

Ndiyo maana wengi wao hufuma usiku, watoto wakishalala. Hapo tena kuna mtihani ambao mnunuzi haujui: sweta nyingi za shule ni za rangi nzito, bluu iliyokolea, kijani kibichi, damu ya mzee, na uzi wa rangi nzito chini ya taa hafifu hauonekani vizuri. Mama anakodoa macho, anapapasa vitanzi kwa kidole, shingo inakakamaa. Asubuhi yeye huyohuyo ndiye wa kwanza kuamka kuwasha moto.

Tutazame na kalenda yetu, maana msongo mkubwa uko hapo. Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo maombi ya sweta humiminika Novemba na Desemba. Lakini kwetu Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mvua za kwanza. Mahindi yanapandwa, viazi vinasubiri, shamba halingoji mtu. Watoto wako likizo, wako nyumbani kutwa na wanataka kula. Kisha inakuja Krismasi na wageni kutoka Dar es Salaam, na godoro linatafutwa. Juni na Julai mambo ni yaleyale: baridi imekaza, kule uwanda wa Kitulo majani yanaamka na barafu, kila mtu amekumbuka sweta, na wakati huohuo mavuno yanatakiwa kuingia ndani. Miezi ambayo wateja wanamhitaji zaidi mfumaji ndiyo miezi ambayo familia na shamba vinamhitaji zaidi. Halafu Machi, Aprili na Mei hakuna anayegonga mlango wake.

Hili la kalenda sisi wateja tunaweza kulipunguza, wala halihitaji mradi wala mfadhili. Agiza sweta miezi iliyotulia. Utasema mtoto anakua, na ni kweli. Mfumaji analijua hilo kuliko wewe. Mwambie aiachie nafasi kifuani na afume mikono mirefu ya kukunja. Mtoto akirefuka, unaikunjua. Sweta ya kufumwa kwa mkono ina faida ambayo ile ya kuokota kwenye rundo la mitumba haina: ikitoboka kiwiko unairudisha kwa aliyeifuma, naye anaokota vitanzi na kuiziba kwa uzi uleule.

Ukienda kuagiza, nenda na kianzio, angalau hela ya uzi. Mama asipopewa kianzio ananunua uzi kwa hela ya mboga, na ukichelewa wewe kulipa, ni sufuria ya watoto wake inayosubiri. Nimeona nyumba ambamo sweta sita zimekamilika na kukunjwa vizuri, wenyewe hawajaja kuzichukua, na ndani hakuna sukari.

Na bei. Tuseme uzi wa sweta ya mtoto wa darasa la tatu umegharimu shilingi 9,000, na mama ametumia saa 16 kuifuma kwa sindano. Akiuza 15,000 anabaki na 6,000. Gawa kwa saa 16, unapata shilingi 375 kwa saa. Sasa anakuja mtu anasema, "Dada, nipunguzie 2,000, si unafuma tu huku umekaa?" Hizo 2,000 hazitoki kwenye uzi, maana aliyeuza uzi ameshalipwa. Zinatoka kwenye jasho lake, na ni theluthi nzima ya jasho hilo. Mabishano ya bei ni desturi yetu na siyapingi sokoni. Lakini kabla hujaomba punguzo kwa mama anayefuma, fanya kwanza hesabu hiyo.

Akina baba, neno langu kwenu ni la upendo na naomba lisikilizwe hivyo. Mke wako akikuambia ana sweta nane za kukamilisha kabla ya Jumatatu, hiyo ni kazi iliyoingia nyumbani kwako, na ada, sare na daftari vitatokana nayo. Wewe unaweza kuogesha watoto. Unaweza kupika, kuchota maji na kumpokea mgeni ukamkalisha. Saa mbili za mchana ambazo hakuna anayemwita zina thamani kuliko saa nne za usiku wa manane. Na hela ya uzi usiikope. Mtaji wa uzi ukishachanganyika na hela ya nyumba, biashara imekufa hata kama sindano bado zinatembea.

Kuna wakati mmoja ambapo jukumu hili linakuwa zito zaidi, nao ni uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na baba naye hupewa siku 3. Mama aliyejiajiri kwa sindano zake hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Likizo yake inatoka kwetu: kwa mume, kwa mama mkwe, kwa majirani, na kwa mteja anayekubali kusubiri bila kukimbilia kwingine. Aliyevisha wachanga wa mtaa mzima asilazimike kushika sindano wiki ya pili baada ya kujifungua kwa kuogopa kupoteza wateja.

Walimu wakuu na kamati za shule, ninyi mna nguvu kubwa hapa. Mkibadili rangi ya sweta Desemba, uzi aliokwisha kuununua mama unageuka hasara. Tangazeni mapema, na rangi ikishachaguliwa idumu. Mkiwalazimisha wazazi wote kununua kwa mzabuni mmoja, mnafunga milango ya nyumba nyingi ambazo watoto wake wanasoma hapohapo shuleni kwenu. Toeni kipimo cha rangi na mtindo, kisha mzazi achague mfumaji wake.

Halmashauri zetu kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Maofisa maendeleo ya jamii, wafuateni akina mama hawa majumbani, kwa sababu wengi hawana muda wa kushinda ofisini wakifuatilia fomu. Mashine moja ya kufumia inayotumiwa kwa zamu na kikundi inaweza kuzirudisha jioni kwa familia kadhaa. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vingi tayari vinakutana kila wiki, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Na ninyi akina mama wenyewe. Najua kukataa oda ni kugumu pale unapokumbuka miezi mikavu. Lakini mteja aliyeahidiwa Ijumaa akapewa Jumatano ya pili hatarudi, na mtoto aliyezoea kuambiwa "subiri nimalize mstari huu" hana siku ya kurudishiwa jioni zake. Pokea unazoweza kumaliza. Andika kila oda daftarini na tarehe yake. Nyingine mpelekee mwenzako, naye kesho atakuletea. Watoto wakishiriki, washiriki kama watoto: wakunje uzi kuwa mabonge, wajifunze vitanzi vya kwanza, wavulana na wasichana. Lakini daftari la shule litangulie. Na chakula cha jioni kiliwe sindano zikiwa zimewekwa juu ya kabati.

Kama mtoto wako atahitaji sweta Januari, mwone mfumaji wako mwezi Oktoba, kabla mvua hazijashika, nenda na hela ya uzi mkononi, na mkubaliane siku ya kuichukua. Siku hiyo ikifika, nenda ukaichukue, umlipe yote.