Utundu au Ulemavu Usioonekana? Kauli kwa Walimu wa Insha

Hapana mwanafunzi aliyepitia shule za Kenya ambaye hajawahi kutunga kisa cha kudhihirisha methali 'Asiyesikia la mkuu huvunjika guu'. Mhusika wetu ni yuleyule mwaka nenda mwaka rudi: kijana mtundu, anayeonywa na wazazi, anayeonywa na walimu, asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na ambaye katika aya ya mwisho yumo hospitalini au gerezani akitiririkwa na machozi ya majuto. Tumemtunga kijana huyu mara nyingi mno hata tukaamini kuwa tunamjua. Makala haya yanadai kuwa hatumjui, na kwamba miongoni mwa watoto halisi tunaowavika vazi la mhusika huyo wamo ambao taabu yao haina uhusiano wowote na ukaidi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kutwa isiyo mbali na mji wa Njoro, nilikabidhiwa Kidato cha Kwanza kilichokuwa na wanafunzi 58. Alikuwamo mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha. Akiitwa kusimulia ngano ya Sungura na Fisi, darasa zima lilimsikiliza hata wale waliokuwa wakisinzia. Aliiga sauti, aliongeza vituko, alijua pa kunyamaza. Insha zake, kinyume chake, hazikuzidi nusu ukurasa. Sentensi ya kwanza ilivutia, ya pili iliahidi makuu, ya nne ilizungumzia jambo jingine kabisa, na kazi ilikomea katikati ya sentensi. Daftari la Kiswahili lilisahauliwa nyumbani, la Jiografia likaletwa badala yake. Alikuwa mtu wa kujibu kabla swali halijaisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini amemkatiza mwenzake kwa mara ya tatu katika kipindi kimoja, akanijibu, "Mwalimu, nilijua nisiseme. Ilitoka tu."

Sikuyatilia maanani maneno hayo. Katika daftari lake niliandika kwa wino mwekundu: "Mvivu. Unaweza kufanya vyema ukitaka." Sentensi ya pili hunifadhaisha leo kuliko ya kwanza. Katika neno hilo moja, 'ukitaka', nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu kwamba ugonjwa wake, kama upo, ni ugonjwa wa nia.

Wataalamu wanakadiria kuwa takriban watoto 5 kati ya kila 100 duniani wana hali inayojulikana kwa kifupisho cha ADHD, yaani upungufu wa umakinifu unaoandamana na utukutu na papara. Baadhi yao huonyesha utukutu waziwazi. Wengine, na hasa wasichana, huketi kimya huku mawazo yamesafiri, nao ndio husahaulika zaidi. Lakini majina haya ya dalili hutupotosha kidogo. Mwanasaikolojia Mmarekani Russell Barkley amekuwa akisisitiza tangu 1997 kwamba kiini cha hali hii ni udhaifu wa kujizuia, na kwamba udhaifu huo huvuruga kazi zile za akili ambazo hapa nitaziita, kwa kukosa istilahi iliyokubalika, uratibu wa akili: kuzuia neno au tendo lisitoke kabla ya wakati wake, kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi, kuanza kazi isiyopendeza, kupanga hatua, kuhisi muda unavyopita, kutuliza hasira. Mtoto huyu aghalabu anajua linalopasa kufanywa. Kinachomshinda ni kulifanya pale na wakati ule linapohitajika. 'Nilijua nisiseme, ilitoka tu' ni ufafanuzi wa hali hii ulio bora kuliko niliousoma baadaye vitabuni, nami niliupokea kama utovu wa adabu.

Si porojo za kuwatetea wazembe. Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walipima ubongo wa watoto kwa picha za miaka mingi, wakaona kuwa gamba la ubongo la watoto wenye ADHD hufikia kilele cha unene wake wakiwa na umri wa takriban miaka 10 na nusu, ilhali wenzao hukifikia wakiwa na miaka 7 na nusu. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika sehemu za mbele, zinazohusika na uratibu huo tunaouzungumzia. Ukuaji ni uleule, ila umechelewa. Na shule haimngojei mtu.

Sasa tuitazame insha, maana hapa ndipo sisi watu wa Kiswahili tunapoingia. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humtaka mtahiniwa atunge insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika 45. Ni lazima alishike swali akilini tangu mwanzo hadi mwisho, ateue hoja na kuzikataa nyingine zinazomjia kwa vishindo, azipange, akumbuke ngeli na upatanisho huku akifikiria kisa, agawe muda, kisha arudi kusahihisha kazi ambayo tayari imemchosha. Sioni kazi nyingine shuleni inayoudai uratibu wa akili kwa kiasi hicho na kwa mara moja. Ndiyo maana mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ya kuitambua hali hii mapema kuliko mwenzake wa Hisabati: ushahidi huwekwa mezani pake kila wiki, umeandikwa kwa mkono wa mtoto. Tatizo ni kuwa tumefunzwa kuusoma ushahidi huo kwa macho ya methali.

Wala si sisi tu tuliofanya hivyo. Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt nchini Ujerumani, aliwatungia watoto mashairi katika miaka ya 1840, na mmoja wa wahusika wake ni Philipp, mvulana asiyeweza kutulia mezani hadi anaanguka na kitambaa cha meza pamoja na chakula chote. Shairi lilikusudiwa kuonya. Mwaka wa 1902 daktari Mwingereza George Still alipowaeleza wenzake jijini London kuhusu watoto wa namna hii, waliokuwa na akili timamu, aliiita hali yao kasoro ya udhibiti wa kimaadili. Ilichukua hadi 1980 kwa madaktari wa akili wa Marekani kuweka umakinifu katika jina lenyewe, na jina la sasa likaja 1987. Lugha ya sayansi ilihitaji takriban miaka 80 kuondoka kwenye maadili. Yetu bado haijaondoka: mtundu, mtukutu, mvivu, kichwa maji, sikio la kufa. Inafurahisha, hata hivyo, kwamba Kiswahili kimelipa neno 'utundu' sura mbili, kwani fundi anayebuni vitu husifiwa kwa utundu wake. Darasani tumeibakiza sura moja tu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ipo inayosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba zamani kiboko kiliyatibu. Mama wa mvulana yule alipoitwa shuleni aliniambia, "Mwalimu, huyu mtoto nimemchapa mpaka mkono umechoka." Kama kiboko ni dawa, huyu alikuwa amekwisha kumeza dozi kamili. Isitoshe, adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya kisaikolojia. Nashuku kuwa wino wangu mwekundu ulikaribia mpaka huo wa pili.

Pingamizi yenye uzito zaidi ni kuwa si kila mtoto asiyetulia ana ADHD. Hilo ni kweli, na sisi wa Njoro tunapaswa kulijua kuliko wengine. Baada ya ghasia za 2008, madarasa ya eneo hili yalijaa watoto waliolala kambini na waliokuwa wameona nyumba zikiteketea, nilisoma nao. Walikuwa hawatulii, walisahau, walishtuka. Njaa, kukosa usingizi na masikio mabovu pia huweza kufanana na hali hii. Kwa hiyo mwalimu asijifanye daktari. Kazi yake ni kuona, kuandika anachokiona, na kumwelekeza mzazi katika vituo vya kutathmini watoto ambavyo Wizara ya Elimu ilianza kuvifungua mwaka wa 1984. Vipo sehemu mbalimbali nchini, na walimu wengi hawavijui. Daktari akiona haja anaweza kutoa dawa, ambazo huwasaidia wengi bila kuwaponya.

Lakini darasa la wanafunzi 58 haliwezi kusubiri tathmini. Katika wiki tatu za mwisho za mazoezi yangu nilimruhusu mvulana yule asimulie kisa kwa mwenzake kabla ya kuandika, na mwenzake akachora vijimstari vitano karatasini, neno moja kila mstari. Kisha aliandika aya moja, akaniletea, akarudi. Sikuwa nimegundua jambo lolote jipya. Fasihi simulizi imekuwa ikifanya hivyo daima: fanani hubeba kisa kirefu kwa msaada wa fomula, wimbo unaorudiwarudiwa na hadhira inayomwitikia na kumrejesha akipotea. Tulimpokonya mtoto hadhira, tukamwachia karatasi tupu na saa ya ukutani. Insha yake ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Haikuwa nzuri sana, na upatanisho wa ngeli ulinikera, lakini ilikuwa na mwisho.

Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Istilahi niliyotumia hapa, uratibu wa akili, ni pendekezo tu, na huenda wapo wenye bora zaidi. Idara ya Saikolojia, Ushauri Nasaha na Misingi ya Elimu iko katika bewa hilihili la Njoro. Katika kongamano lijalo tuwaalike wanafunzi wa idara hiyo, tukae nao alasiri moja, tuyatafutie mambo haya majina ambayo mwalimu anaweza kuyatamka mbele ya mzazi bila kumtukana mtoto. Niko tayari kuwa katibu wa kikao hicho.