Msafiri Aliye Muscat na Maziko ya Moshi



Zipo familia za Moshi mjini, Machame na Marangu ambazo zina mtoto ng'ambo ya bahari, huko Oman. Mauti yanapobisha hodi, swali la kwanza huwa: je, tumsubiri?

Tuanze na hesabu. Kutoka uwanja wa ndege wa Muscat hadi KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha, ni takriban kilomita 3,780 kwa mstari ulionyooka, juu ya Bahari ya Arabuni na Pembe ya Afrika. Ndege iendayo kilomita 850 kwa saa ingeyamaliza masafa hayo kwa saa 4 na nusu. Pamoja na kupaa na kutua, tuseme saa 5. Wafiwa huisikia hesabu hiyo, wakaagiza kaburi lingoje.

Lakini msafiri hapandi mstari, hupanda ndege iliyopo. Akipitia Dar es Salaam, huruka karibu kilomita 4,000, kisha nyingine 450 hadi KIA. Akipitia Doha, huanza kwa kwenda magharibi, kisha huruka kilomita 3,550 kuja kwetu. Juu ya hayo kuna ruhusa ya mwajiri, kutafuta tiketi na kuingoja ndege ya pili. Saa 5 za angani huweza kuwa siku nzima, au mbili.

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuharakisha jeneza. Wapo wanazuoni walioruhusu kumsubiri kidogo aliye karibu kufika, maadamu maiti haihofiwi kuharibika. Kidogo hicho hakifikii kumngoja mtu ambaye bado hajapata tiketi.

Tunalijua zito lililopo hapa. Milimani kwetu maziko hufanyika kihambani, na ndugu zetu wasio Waislamu huweza kungoja siku kadhaa ili kila mtoto atupe udongo. Tukiwahi kuzika, wengine hudhani tumemdharau aliye mbali. Basi tuwaeleze kwa upole kwamba haraka hiyo ni heshima kwa maiti, wala si kumtupa aliye hai.

Naye aliye Muscat hakuachwa mikono mitupu. Najashi alipofariki Uhabeshi, ng'ambo ya bahari, Mtume alimswalia akiwa Madina. Kwa tukio hilo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameijuzisha swala ya maiti aliye mbali, ijapokuwa wengine wamehitilafiana nao. Na dua ya mtoto mwema, sadaka na kulipa madeni ya mzazi havihitaji tiketi.

Nasaha yetu ni kwamba neno hili lizungumzwe wazazi wakiwa hai. Mzazi na auseme wasia wake waziwazi: nikifa, nizikeni, msimngoje fulani. Mtoto naye ausikie kutoka kinywani mwa mzazi mwenyewe, ili siku ya msiba asimlaumu kaka aliyeshika jembe. Na kama mzazi ni mgonjwa, nauli itumike sasa, angali anaweza kuitikia salamu. Safari ya siku mbili haina uzito kwa anayekwenda kuonana na mama aliye hai.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na awalinde wasafiri wetu. Amin.